Kabla ya kusema tumehujumiwa: barua pepe 3,400 na kikomo cha seva yetu

Mada hii ilitolewa kwenye semina ya waratibu wa mawasiliano wa vijana. Wengi wameomba maandishi yake, kwa hiyo tunaiweka hapa karibu kama ilivyozungumzwa.



Nimepewa dakika 30 na mada ambayo ukiisoma kwenye ratiba unatamani utoke ukanywe chai. Vikomo vya kutuma barua pepe. Naona wawili kule nyuma wameshaanza kusogea mlangoni. Kaeni kwanza, jamani. Ninachotaka kuzungumzia ni jinsi vijana zaidi ya 3,000 wa chama chetu walivyonyimwa haki ya kugombea bila mtu yeyote kukusudia kuwanyima. Mkimaliza kunisikiliza mtaenda chai.

Wengi wenu mnakumbuka tangazo la fomu za kuwania kamati ya vijana ya mkoa. Baraza liliamua, na nadhani liliamua vizuri, kwamba tangazo lisipitie kwa mwenyekiti wa tawi peke yake, kwa sababu tunajua matatizo ya kule. Mwenyekiti mwingine analiweka mfukoni mpaka mpwa wake ajaze kwanza. Tukasema safari hii kila mwanachama aliyejisajili kwenye jukwaa letu la mtandaoni atapata barua pepe yake mwenyewe, yenye kiungo cha fomu na tarehe ya mwisho. Jukwaa lilikuwa na wanachama 3,400. Tangazo likapangwa kutoka Ijumaa saa 2 usiku, na mwisho wa kurudisha fomu ukawa Jumapili saa 10 jioni. Siku mbili kasoro. Muda mfupi, ndiyo, lakini tuliona unatosha kwa sababu barua pepe ni ya papo kwa papo. Si ndivyo tunavyoamini wote?

Ijumaa saa 2 ikabonyezwa "tuma". Skrini ikasema imekamilika. Saa 3 watu wachache wakaandika kwenye makundi ya WhatsApp kwamba wamepata, na wengi wakauliza mbona wao hawajaona kitu. Ikabonyezwa tena. Saa 4 malalamiko yamezidi, ikabonyezwa mara ya tatu. Kesho yake asubuhi picha ikawa hivi: kuna watu wana barua ile ile mara 3, na kuna watu, wengi mno, hawana hata moja.

Jumapili saa 10 jioni tukahesabu fomu. Zilirudi 14, na 12 kati yake zilitoka wilaya moja ya mjini.

Mnajua kilichofuata. Wa kwanza kusema alisema ni hujuma, "hawa jamaa wameshatuingilia kwenye mfumo". Sitamcheka aliyesema hivyo. Sote tunakumbuka Oktoba 2020, wiki ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilivyobanwa, watu wakakimbilia VPN usiku kwa usiku. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini wa pili alisema jambo baya zaidi. Alisema hawa wa mjini wamejitumia wenyewe na kutuficha sisi wa mikoani ili watu wao wapite. Na akaweka ushahidi, skrinishoti ya kamanda wa mjini mwenye barua 3, pembeni ya skrinishoti ya kikasha chake kitupu.

Dada mmoja kutoka Ileje akanipigia simu usiku ule. Hakugomba. Aliniambia, "Kaka, sisi huku kila uchaguzi tunalalamika tume haitupi taarifa kwa wakati. Sasa na ninyi? Tukalalamike wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nimesema "ikabonyezwa, ikabonyezwa" kama vile ilijibonyeza yenyewe. Aliyebonyeza ni mimi. Mara zote tatu.

Usiku wa Jumapili ndipo nilipofungua kumbukumbu za seva, kitu nilichotakiwa kufanya tangu Ijumaa saa 2 na dakika 5. Nikakuta mstari mmoja umejirudia maelfu ya mara: kikoa hiki kimevuka idadi ya barua kinazoruhusiwa kutuma kwa saa. Kumbe seva yetu ilikuwa na kikomo cha barua 200 kwa saa. Kampuni inayotuhifadhia tovuti siitaji, kwa sababu haikutukosea. Kikomo kiliandikwa kwenye masharti tuliyoyakubali siku ya kulipia, na hakuna aliyeyasoma.

Sasa niwaeleze kilichotokea ndani, taratibu, maana hapa ndipo penye somo.

Tovuti nyingi ndogo kama yetu zinakaa kwenye seva ya kuchangia, na seva nyingi za aina hiyo zinaendeshwa kwa mfumo unaoitwa cPanel. Mwenye seva anaweka idadi ya juu ya barua kwa saa kwa kila kikoa. Ukifika pale, mfumo haukusubiri mpaka barua zako zote ziishe. Kwa mpangilio wake wa kawaida unakuvumilia mpaka asilimia 125 ya kikomo: zile zinazozidi kidogo zinawekwa foleni zitoke saa inayofuata, na zinazovuka hapo zinakataliwa moja kwa moja. Piga hesabu. Barua 200 zikatoka. 50 zikakaa foleni. Zilizobaki, 3,150, zikatupwa. Hazikuchelewa, makamanda, zilitupwa. Hata ungesubiri mwaka mzima zisingefika.

Na neno "imekamilika" kwenye skrini? Jukwaa letu lilikuwa linamaanisha "nimeshaikabidhi kwa seva". Halikuwa linamaanisha "mtu ameipata". Ni kama kumkabidhi kondakta kifurushi stendi ya Mbezi halafu ukamwandikia mama yako Sumbawanga kwamba mzigo umefika.

Halafu ile bonyeza ya pili na ya tatu. Mfumo haukukumbuka ulipoishia. Kila nilipobonyeza ulianza upya na jina la kwanza kwenye orodha. Kwa hiyo walewale wa juu wakapata tena na tena, na wa chini wakaendelea kukosa. Wa juu ni akina nani? Orodha ilipangwa kwa tarehe ya kujisajili, na jukwaa letu tulilizindulia kwenye mkutano wa wilaya ile ya mjini, watu wakasajiliwa palepale uwanjani kwa simu zao. Ndio walioshika namba za mwanzo. Wa Ileje, Kibondo na Nanyumbu walijisajili miezi baadaye, wakawa chini kabisa.

Mnaona lilivyo? Hakuna aliyekaa akapanga njama. Lakini ungepanga njama ya kuwanyima vijana wa pembezoni, ungepata matokeo yaleyale. Aliyekosa fomu kwa kuonewa na aliyekosa fomu kwa uzembe wangu wote wamekosa fomu.

Mtu atauliza, kwa nini basi hawa wenye seva wanaweka vikomo? Si wanatubana tu tulipe zaidi? Biashara ipo, sikatai. Lakini sababu yenyewe ni ya siku nyingi.

Barua pepe ilitengenezwa na watu waliokuwa wanaaminiana. Kanuni kuu ya kupeleka barua kutoka seva moja hadi nyingine, SMTP, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na kwa asili yake seva inapokea barua ya yeyote anayebisha hodi bila kumuuliza kitambulisho. Postel huyohuyo alishaandika mwaka 1975 kuonya kwamba mtandao hauna njia ya kumzuia anayetuma barua zisizotakiwa. Mei 1978 mfanyabiashara mmoja wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Gary Thuerk, akatuma tangazo moja kwa watu karibu 400 kwa mpigo kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Watu wakakasirika, lakini mlango ulishafunguliwa. Tangu hapo dunia nzima ya barua pepe inaishi kwa kujilinda dhidi ya barua taka.

Na ulinzi wenyewe unaangalia nyumba, si mtu. Hapa naomba waliopanga wanielewe. Si mnajua zile nyumba wapangaji 8 wanachangia mita moja ya LUKU? Mmoja akiwasha jiko la umeme usiku kucha, uniti zinaisha, nyumba nzima gizani, na wewe uliyewasha taa moja unalala na tochi ya simu. Seva ya kuchangia ndiyo hiyo. Tovuti mamia zinatumia anwani moja ya IP. Mmoja akimwaga barua taka, mashirika yanayotunza orodha za watumaji wabaya, kama Spamhaus lililopo tangu 1998, yanaiandika anwani ile, na barua za nyumba nzima zinaanza kukataliwa. Kikomo cha kila saa ni mwenye nyumba anajaribu kumzuia mmoja asiwazimie wote. Akiona tovuti ambayo kwa kawaida inatuma barua 40 kwa siku ghafla inamwaga 3,400 kwa dakika 5, hajui kama ni chama kinawaita vijana wake kugombea. Anadhani tumedukuliwa.

Sasa tufanye nini? Nina mambo saba, na mengi hayahitaji hela. Chukueni kalamu.

La kwanza, ulizeni kikomo chenu leo, kwa maandishi. Msiulize "mnaruhusu barua ngapi" halafu mkaishia hapo. Ulizeni: kwa saa ni ngapi? Kwa siku ni ngapi? Zinazozidi zinawekwa foleni au zinatupwa? Na barua moja yenye watu 50 kwenye nakala ya siri inahesabiwa moja au 50? Nawaambia mapema, mara nyingi inahesabiwa 50. Kila mpokeaji ni barua.

La pili, hesabuni mnachotumia bila kujua. Wengi tunadhani kikomo kinaliwa na matangazo makubwa. Hapana, kinaliwa na arifa. Chukulia mjadala mmoja moto kwenye jukwaa, tuseme kuhusu katiba mpya, unafuatiliwa na watu 300. Kila mtu akijibu, jukwaa linawatumia wote 300 arifa. Majibu 10 tu ni karibu barua 3,000. Kwa seva ya barua 200 kwa saa, hizo ni saa 15 za kutuma, kwa majibu 10, na nusu yake ni "nakubaliana na kamanda". Wakati huo kuna kijana Tunduma amesahau neno lake la siri, ameomba jipya, anasubiri imeli haiji. Anaacha. Sisi tunasema vijana hawana mwamko.

Dawa yake ni ndogo. Ingieni kwenye mipangilio ya jukwaa, arifa za kila jibu zizimwe, badala yake mtu apate muhtasari mmoja kwa siku. Na barua za neno la siri na za kuthibitisha usajili zipewe nafasi ya kwanza kwenye foleni. Hizo ndizo mlango wa kuingilia.

La tatu, tumeni kwa mafungu, na acheni nafasi. Kama kikomo ni 200, msitume 200. Tumeni 150, ile 50 iwe ya maneno ya siri na mambo ya dharura. Programu nyingi za jukwaa zina sehemu ya kuweka idadi kwa kila saa, ni kuandika namba tu. Muhimu foleni iwe inakumbuka nani ametumiwa, ili umeme ukikatika au mtu akibonyeza mara mbili isianze upya.

Sikilizeni hesabu hii, ndiyo iliyoninyima usingizi. Barua 3,400 kwa 150 kila saa ni karibu saa 23. Tungeanza Ijumaa saa 2 usiku, ya mwisho ingetoka Jumamosi saa 1 jioni. Fomu zilikuwa zinafungwa Jumapili saa 10. Seva ileile ya bei rahisi, kikomo kilekile, bila kuongeza hata shilingi, ingetosha kila mwanachama apate tangazo na abaki na usiku mmoja na mchana mmoja wa kujaza fomu. Kilichokosekana ni mtu wa kugawanya 3,400 kwa 150. Na mtu huyo nilikuwa mimi.

La nne, safisheni orodha. Tuna anwani zimekufa, tuna watu waliosajiliwa uwanjani kwa haraka wakaandikiwa "gmial" badala ya "gmail". Kila barua inayorudi inakula kikomo na inakuharibia sifa, kwa sababu anayeandikia anwani nyingi zisizokuwepo anafanana na tapeli anayebahatisha. Seva nyingi zikiona zinazorudi ni nyingi mno zinakufungia kutuma kwa muda. Ikirudi mara mbili tatu, itoeni, halafu mratibu wa tawi amtafute mtu kwa simu ampe nafasi ya kusahihisha. Kumfuta kwenye orodha ya barua isiwe kumfuta uanachama.

La tano, vitambulisho. Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti. Anayetuma barua 5,000 na zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na vitu vitatu vinavyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikoa chake: SPF, DKIM na DMARC. Lazima pia aweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 kwa kila 1,000. Sisi hatufiki 5,000, lakini barua isiyo na vitambulisho inaangukia kwa urahisi kwenye taka, kwa hiyo tufanye hivyohivyo.

Msiogope herufi hizo. SPF ni ile barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa: inasema seva hizi na hizi ndizo zinazoruhusiwa kubeba barua za chama hiki. DKIM ni muhuri juu ya barua yenyewe, ikichezewa njiani inajulikana. DMARC ni maelekezo kwa mlinzi wa getini: akija mtu anasema katumwa na sisi na hana barua wala muhuri, mfanye nini. Na hili lina maana kubwa kwetu kuliko kwa muuza viatu. Kikoa kisicho na ulinzi huo, mtu yeyote anaweza kutuma tangazo la uongo kwa jina la chama usiku wa kuamkia mkutano. Hapo ndipo hujuma ya kweli inapoweza kuingilia, na mlango tumeuacha wazi wenyewe.

La sita, mkikua, hamieni kwenye huduma maalumu ya kutumia barua. Zipo nyingi. Mfano, Amazon SES inatoza senti 10 za dola kwa barua 1,000. Tangazo letu la watu 3,400 lingegharimu senti 34, hata bei ya chapati mbili na chai pale kwa mama ntilie haifiki. Lakini msikimbilie siku ya tukio. Mteja mpya anaanzia kwenye uwanja wa majaribio, barua 200 kwa saa 24 na kwa anwani alizothibitisha tu, mpaka aombe kufunguliwa na aeleze orodha yake kaipataje. Vikomo haviishi, vinapanda ngazi kadiri unavyoaminika. Omba wiki kadhaa kabla, siyo Ijumaa usiku.

Kabla sijafika la saba, nizuie njia moja ya mkato, maana ilishapendekezwa kwenye kundi letu na watu wakaipigia makofi. Kamanda mmoja alisema, "Kwani shida nini? Tugawane orodha, watu 10, kila mmoja atume kwa Gmail yake." Gmail ya bure ina kikomo chake, watu 500 kwa siku, kwa hiyo kwa hesabu inawezekana. Nilikataa, na naomba mkatae.

Orodha ile si majina ya wateja wa duka. Ni majina, simu na anwani za vijana waliojitambulisha kuwa wa upinzani. Humo kuna walimu, kuna wanaosubiri ajira serikalini, kuna ambao hata baba zao nyumbani hawajui. Ukiigawa kwenye simu 10, una sehemu 10 za kuivujisha: simu itaibiwa daladalani, mtu atakosana na chama, mtu ataweka anwani zote 340 kwenye sehemu ya nakala ya wazi kila mmoja amuone mwenzake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu msimamo wa kisiasa wa mtu kuwa taarifa nyeti. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo sote tunaijua kwa mengine, ina kifungu cha ujumbe usioombwa. Msimpe mtu fimbo ya kuwachapa. Lakini hata sheria isingekuwepo, yule kijana alituamini.

Kwa hiyo tumia ridhaa: mtu asajiliwe kwa kukubali mwenyewe, aone njia ya kujiondoa kwenye kila barua, na akijiondoa asibembelezwe wala kuitwa msaliti.

La saba, na hili si la kompyuta. Changanyeni orodha. Kila tangazo kubwa likienda, majina yapangwe kwa bahati nasibu, si kwa tarehe ya kujisajili, si kwa alfabeti, si kwa mkoa. Mfumo unaweza kukwama tena, mimi si malaika. Ukikwama, basi maumivu yasiangukie Songwe na Kigoma kila mara. Halafu tangazo lolote linalogusa haki ya mwanachama, fomu, mkutano, kura, lisitegemee njia moja. Barua pepe, SMS, kundi la WhatsApp, na karatasi ukutani kwenye ofisi ya tawi. Vijijini kuna vijana wengi tu wanaofungua imeli mara moja kwa mwezi, bando likiwepo.

Na baada ya kutuma, mratibu aweke hadharani namba tatu: zilizotoka, zilizofika kwenye seva ya mpokeaji, zilizorudi. Kwa kila wilaya. Ningekuwa na jedwali hilo Jumamosi asubuhi, ningeona wilaya moja ina mia na kitu na nyingine zina sifuri, na kulikuwa na siku nzima ya kurekebisha.

Tulifanya nini sisi? Jumatatu niliandika maelezo kwa baraza, na jina langu nikaliweka chini. Baraza likafuta zile fomu 14, nao waliorudisha wakakubali, nawashukuru, maana hawakuwa na kosa. Muda ukafunguliwa upya kwa wiki nzima. Barua zikatoka 150 kwa saa, majina yamechanganywa, na kila mratibu wa wilaya akapewa idadi ya waliotumiwa kwake ahakiki kwa simu. Fomu zikaja kutoka wilaya ambazo hatukuwahi kupata mgombea. Yule dada wa Ileje alijaza. Hakushinda, alipitwa kwa kura 2, lakini safari hii aliponipigia alitaka kujua tarehe ya uchaguzi ujao.

Makamanda, sisi ndio tunaosimama majukwaani kudai daftari la wapiga kura libandikwe mapema, mawakala waapishwe kwa wakati, vituo vitangazwe vijulikane. Tunadai hivyo kwa sababu tunajua taarifa iliyochelewa inamtoa mtu kwenye uchaguzi bila kumgusa. Basi tuanze na orodha zetu wenyewe. Na siku nyingine mfumo ukigoma, nawaomba: kabla hujaandika kwenye kundi kwamba tumehujumiwa, fungua kumbukumbu za seva usome. Ukikuta hujuma, utakuwa na ushahidi wa kuiweka mezani. Ukikuta ni sisi, tusahihishe usiku huohuo.

Kila mkoa uondoke hapa na kazi moja: kufikia Ijumaa nitumieni kikomo cha seva yenu kwa saa, kwa siku, na idadi ya wanachama mlionao. Atakayesema hajui, tutampigia simu kampuni yake pamoja.

Wale wawili wa mlangoni, chai iko tayari. Mapambano yanaendelea.